Nyumba ya Tatu ya Tabla

Vijana wangu, anayesoma haya akiwa amesimama atafute kiti, maana nikianza kuisifu mikono yangu simalizi upesi. Kutoka Kapolowe hadi Kolwezi, miaka yote niliyofanya kazi hii, hapakuwa na Mkongomani mwingine aliyepiga tabla kwenye harusi za Wahindi. Nilikuwa wa kwanza, nilikuwa wa mwisho, na katikati sikumwona mtu.

Sasa vidole vimekakamaa na nimepumzika. Lakini nawasikia kila Jumapili mnavyopiga ngoma katika makwaya yenu, mnazijaza sauti kama mtu anayepakia lori la makaa, hata pembeni mnafunga vifurushi. Nguvu mnazo, sikatai. Kuna jambo moja tu hamjafundishwa, na mimi lilinichukua muda mrefu na aibu moja kubwa kulijua. Njo maana naandika.

Kwanza mjue kitu chenyewe. Tabla ni ngoma mbili, ndugu wawili wasiofanana. Wa kuume ni wa mti, mwembamba, sauti yake ya juu kama ya mama anayemwita mtoto aliye ng'ambo ya barabara. Wa kushoto ni bakuli la shaba lililofunikwa ngozi, na yeye anasemea tumboni. Nimewaambia watu wengi kwamba shaba ya lile bakuli ilichimbwa kwetu, ikayeyushwa Shituru, ikasafiri hadi India, ikarudi Likasi ikiwa ngoma. Ushahidi sina. Lakini mwenye ushahidi kwamba siyo hivyo naye hajajitokeza.

Mimi nilikuwa fundi mitambo katika karakana za Panda, hapa Likasi. Jioni nilisoma, nikapata diplome yangu, nikaitundika ukutani mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione. Halafu mambo yakaharibika. Mnayajua kwa kusimuliwa: mitambo ikanyamaza mmoja baada ya mwingine, king'ora cha asubuhi kikaendelea kulia kwa mazoea, na watu wakaendelea kwenda kazini kukaa kivulini na kupiga soga. Wenzangu wengine walikwenda kulima Kapolowe. Wengine walichukua beleshi wakaingia mashimoni. Mimi nilikwenda mjini, nikapata kazi ya kubeba marobota ya vitambaa kwa Muzee Jivan.

Muzee Jivan alikuwa mfanyabiashara wa vitenge na sufuria, Mhindi aliyezaliwa hapahapa Likasi. Kiswahili chetu alikijua mpaka kwenye matusi, nayo aliyatumia bila kukosea. Mchana, duka lilipofungwa kwa chakula, alikaa nyuma, sebuleni kwake, akapiga tabla, na mke wake, Mama Kanta, akaimba huku akibonyeza kinanda chao kidogo cha kupuliza hewa kwa mkono. Mimi nilikula muhogo wangu uani, karibu na dirisha. Nilikuwa mpiga ngoma wa kwaya ya parokia yetu, tena mwenye jina. Nikamsikiliza yule mzee, nikasema moyoni, hii nitaijua kwa juma moja.

Chekeni, chekeni. Hata mimi nacheka.

Kilichonipitisha mlangoni ni doa jeusi. Katikati ya ngozi ya kila tabla kuna doa la duara, jeusi, gumu, na ndilo linaloipa ile sauti ya kengele. La Muzee lilikuwa limepasuka, na mtu wa kulitengeneza alikuwa India. Siku zile hata barua ilikuwa haifiki Lubumbashi. Nikamuuliza limetengenezwa na nini. Akasema ni vumbi la chuma lililokandwa kwa uji wa mchele. Nikamwambia, Muzee, chuma? Mimi natoka karakana za Panda. Mezani pangu palikuwa na vumbi la chuma la kutosha kupaka tabla zote za dunia na kubakiza la kupaka viatu.

Mchele haukuwapo, kwa hiyo nilipika uji wa unga wa bukari, ugali wetu. Nikakanda, nikapaka kwa mara moja, nene, safi, kama fundi anayepiga lipu. Likakauka vizuri. Muzee akaligonga kwa kidole kimoja, akainamisha kichwa, akaniambia, "Kasongo, hapa umetengeneza sahani."

Sikilizeni, hii ni faida yenu hata kama hamtaigusa tabla maishani. Doa halipakwi, linajengwa. Unapaka utando mwembamba kama ukungu wa pumzi kwenye kioo, unausugua kwa jiwe laini mpaka upate joto, unaacha, unarudia. Kila utando mdogo kuliko uliotangulia, ili katikati paje kuwa panene na pembeni pembamba. Unasugua mpaka doa lenyewe lifanye nyufa ndogondogo usizoziona, maana likiwa zima kabisa halitetemeki. Nililibandua lile la kwanza, nikaanza upya. La pili lililia vizuri hata Mama Kanta akatoka jikoni na unga mikononi.

Na mvua, ee. Mvua ya Katanga ni adui wa ngozi. Ikinyesha, ngozi inalegea na ngoma inazungumza kama mlevi. Unaipasha moto kwa mbabula, jiko letu la makaa, mbali, mkono wako katikati ya makaa na ngozi. Mkono ukiona joto ni kubwa, ngozi nayo imeona. Miaka mingi baadaye, kule Kolwezi, nilimwachia bwana harusi mmoja anipashie ngoma moto wakati navaa koti. Nilirudi nikakuta harufu ya mbuzi wa kuchoma na wageni wakiuliza nyama iko tayari saa ngapi.

Baada ya doa, Muzee akasema atanifundisha. Nilidhani nitapewa ngoma. Nilipewa kiti. Nikakaa juu yake majuma na majuma bila kugusa ngozi, nikisema kwa kinywa. Kila pigo lina jina lake, na usipoweza kulitamka hutaweza kulipiga. "Kama kinywa haiyue," alisema, "mukono itadanganya."

Mzunguko wa kwanza niliofundishwa una mapigo kumi na sita. Muzee aliuita boma lenye nyumba nne, kila nyumba na watu wanne. Unatembea nyumba hadi nyumba, ukimaliza ya nne unarudi ya kwanza, na pigo la kwanza kabisa ndilo mahali ambapo mwimbaji na mpigaji wanakutana. Wakikutana hapo sawasawa, wasikilizaji wote wanainamisha vichwa pamoja. Maneno yake ni haya, yasemeni kwa sauti, hakuna anayewaona:

dha dhin dhin dha,
dha dhin dhin dha,
na tin tin ta,
ta dhin dhin dha.

Mimi ni mtoto wa Waluba. Kwetu ngoma ikilia, mtu anauliza imesema nini. Nikamuuliza Muzee, haya maneno maana yake nini, yanaita watu au yanatangaza msiba? Akafikiri sana. Akasema, "Inasema dha dhin dhin dha." Nikaona ananificha siri ya ukoo. Nilimsumbua kwa swali hilo mpaka akatishia kunirudisha kwenye marobota.

Kuhesabu alinifundisha kwa vidole. Kidole gumba kinatembea juu ya vidole vinne vya mkono uleule: kila kidole pingili tatu na ncha, hiyo ni nne, na vidole vinne ni boma zima. Kutoka Panda hadi mjini nilikuwa natembea kwa miguu, gumba likizunguka, midomo ikicheza. Mke wangu, Mama Ngoy, ambaye alikuwa amehamia kwenye kikundi cha maombi chenye sauti kubwa kuliko zote Katanga, akanikalisha chini.

"Papa Ngoy," akasema, "bantu banauliza uko nahesabu nini ku vidole. Bamoya banasema ni feza."

"Na weye uliwajibu nini?"

"Niliuliza: feza gani? Sasa banasema ni bantu ya kuloga."

Mchungaji wake alikuja na wasaidizi wanne kuniombea. Nilipokea maombi yote, nikasema amina, na kwa kuwa waliomba kwa mapigo sawasawa, nikahesabu. Walikuwa wanaangukia pigo la kwanza vizuri kuliko mimi.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Hatimaye niliruhusiwa kupiga, na nilikuwa naketi kando ya Muzee nikimtazama mikono. Nikaona jambo lililonihuzunisha. Nyumba ya kwanza alipiga mikono yote miwili. Ya pili, yote miwili. Akifika ya tatu, mkono wa kushoto ulikuwa unakaa kimya juu ya lile bakuli la shaba, kulia tu kunafanya kazi, na kushoto kunarudi ndani ya nyumba ya nne. Kila mzunguko hivyohivyo. Nikasema, masikini, uzee. Mkono umechoka. Na kwa kuwa nililelewa vizuri, sikusema neno. Nyumbani nikajifunza kuijaza ile nyumba ya tatu kwa mdundo mzito wa kushoto, ili siku nikipewa nafasi nimwonyeshe kwamba yupo kijana wa kumbebea mzigo.

Nafasi ikaja Jumapili moja baada ya chakula. Mama Kanta alifumba macho, akaanza wimbo, na mimi nikapiga. Ee vijana, nilipiga! Kama sufuria za dukani zingekuwa na miguu zingecheza. Mama Kanta akavuta pumzi kuingia, akasita. Akasubiri, akajaribu, akakosa. Mara ya tatu akafumbua macho, akatazama huku na huku kama mtu aliyeshuka treni kwenye kituo kisicho chake.

"Nyumba ya tatu iko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia kwa adabu kwamba ipo, tena mimi nimeitengeneza. Muzee ndipo akaelewa. Akaniuliza taratibu kama nilikuwa nikimsaidia. Nikakiri kwamba niliona mkono wake wa kushoto unachoka. Yule mzee alicheka mpaka akashuka kwenye mkeka, akakohoa, akaletewa maji, akayacheka na maji.

"Haichokaka, mutoto yangu," akasema alipopata pumzi. "Inanyamazaka."

Akanieleza. Watu wao wakihesabu mzunguko kwa makofi, wanapiga kofi mwanzo wa nyumba ya kwanza, ya pili na ya nne. Ya tatu hawapigi. Wanageuza kiganja juu, kitupu, kama mtu anayekuonyesha kwamba hana kitu. Mwimbaji amefumba macho, haoni kiganja. Anachosikia ni bakuli la shaba kunyamaza, na hapo anajua yuko wapi. Nyimbo za Mama Kanta karibu zote zilikuwa zinaanzia pale, katika ile nyumba tupu, ili zifike pamoja na ngoma kwenye pigo la kwanza.

Mama Kanta hakuwa amecheka. Aliniambia, "Weye umejaza fasi yote, Kasongo. Mi nitaingilia wapi?"

Kwa mtu wa Likasi hili si jambo dogo kulielewa. Mimi nilikuwa nimelelewa na mitambo. Kwetu mtambo ukinyamaza ni hasara, watu wanakimbia na funguo. Nani angenifundisha kunyamaza kwa makusudi, katikati ya kazi? Ilibidi nijifunge mkono wa kushoto kwa kitambaa cha kitenge, mchana baada ya mchana, nikifungua na kufunga, mpaka mkono ukajua nyumba yake.

Na ilikuwa vema, maana ajali ya Muzee ilikuwa njiani. Maduka ya mjini yalikuwa yameporwa, lake pia, na tulipokuwa tunainua kile kilichobaki, pazia la chuma la mlango liliteleza likamwangukia. Mkono wa kushoto ukavunjika kwenye kifundo. Uleule niliokuwa nimeuhurumia ukiwa mzima.

Na harusi ya Nila ilikuwa imekaribia. Nila alikuwa mjukuu wao. Mama yake, binti pekee wa Mama Kanta, alifariki mtoto akiwa hajaota meno, na bibi ndiye aliyemlea. Mama Kanta alikuwa amemwahidi binti yake kitandani kwamba siku ya Nila kutoka nyumbani atamwimbia wimbo uleule aliomwimbia yeye alipoolewa. Baada ya harusi Nila alikuwa anakwenda na mumewe Zambia, na kwa hali ya nchi ilivyokuwa hakuna aliyejua kama watu wa huku na wa kule wataonana tena. Wimbo ule ulikuwa na siku moja tu ya kuimbwa.

Mpwa wa Muzee, Dilip, alikuja kutoka Lubumbashi na redio kubwa ya kaseti na kaseti yenye tabla ya fundi wa India, kila pigo mahali pake. Nilipoingia kuonyesha ninachojua, alinitazama viatu.

"Muzee," akasema, "uyu si ni muntu ya marobota?"

Muzee akakubali kwamba ndiye. Dilip akasema kaseti haikosei. Muzee akamtazama mke wake, na hapo ndipo nilipopata kazi yangu ya miaka yote iliyofuata, kwa maneno machache ya mama mmoja mzee.

"Kaseti haiwezi kunigojea," Mama Kanta akasema. "Nitaimba na Kasongo, ao nitanyamaza."

Siku ya harusi ua ulijaa. Walitoka Lubumbashi, walitoka Kolwezi, wengine walikuwa wamefunga magari yao kwa kamba yasiachane vipande. Nilivaa koti la kuazima lenye mabega ya watu wawili. Mama Ngoy alikuja pia. Alisema amekuja kunichunga nisihesabu watu. Muzee aliketi mbele yangu, mkono wa kushoto katika plasta, wa kuume juu ya goti. Na Dilip akakaa pembeni na redio yake mapajani, kidole kikiwa tayari juu ya kibonyezo, endapo tu.

Sitawadanganya, nilikuwa nimejiandalia maonyesho. Nilikuwa na mapigo ya kwangu, ya haraka, yanayorudiwa mara tatu na kuangukia pigo la kwanza kama nyundo. Nilikuwa nayafanyia mazoezi kwa ajili ya kidole cha Dilip.

Mama Kanta akaanza. Ubeti wa kwanza ulikwenda, vichwa vikainama pamoja. Wa pili ulikwenda. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa anafanya: akafumbua macho. Nila alikuwa ameketi mbele yake, amepakwa hina hadi kwenye viwiko, na sijui bibi aliona uso wa nani pale. Sauti ikakatika. Kinanda kikatoa pumzi yake ya mwisho, kikanyamaza. Ikabaki tabla peke yake, na ua mzima unanitazama.

Hapo ndipo kila mpiga ngoma wa dunia anapotaka kujaza. Mapigo yangu ya haraka yalikuwa yamenijaa vidoleni kama siafu. Nikajua nikiyamwaga, watu watashangilia, Dilip atanyamaza, na yule mama hatapata tena mahali pa kuingia. Nikapiga boma lilelile, wazi, bila pambo. Dha dhin dhin dha. Polepole kama mtu anayezunguka nyumba akiacha milango wazi. Nikifika nyumba ya tatu, mkono wa kushoto nikauinua kabisa kutoka kwenye shaba, ili hata kiziwi ajue.

Mzunguko ukapita, na mwingine. Dilip akainamia redio. Muzee, bila kumgeukia, akaanza kuhesabu kwa mkono wake mzima: kofi gotini, kofi, kisha kiganja juu, kitupu. Mama mmoja kando yake akafanya vivyo hivyo. Halafu safu yao, halafu ya nyuma. Sijawahi kuona jambo kama lile wala ninyi hamtaliona: ua mzima wa watu waliokuwa wameporwa maduka, kila nilipofika nyumba ya tatu, wakigeuza viganja vitupu kumwelekea Mama Kanta. Hata wapishi. Hata Mama Ngoy, aliyekuwa anafuata tu wenzake.

Nami nikaendelea kunyamaza mahali pa kunyamaza.

Akavuta pumzi. Mkono wangu wa kushoto ukainuka, nyumba ikawa tupu, na sauti yake ikaingia humo, nyembamba, imepasuka kidogo, ikatembea nyumba ya nne, na tukaanguka pamoja kwenye pigo la kwanza. Vichwa vikainama vyote. Aliimba hadi mwisho, macho wazi, akimtazama mtoto wake.

Dilip aliondoka na redio kwenda garini, hakurudi nayo. Baadaye yeye ndiye aliyenipeleka kwa familia za Lubumbashi, na mbele yao alinisifu kuliko ninavyojisifu, jambo ambalo si rahisi. Mama Ngoy alinisubiri mlangoni na swali lake: yale mapigo mengi niliyokuwa nayapiga nyumbani yamepotelea wapi, au niliwaogopa mabwana? Nikamwambia niliyanyamazisha. Akasema basi kumbe nanyamazaka, ataniombea niendelee.

Lakini kabla ya hapo, wageni walipokuwa wanasimama, Mama Kanta alikuja mpaka pale nilipoketi. Kwetu, kama kwao, mkubwa hasalimiwi kwa mkono wa kushoto. Ni matusi. Nikanyoosha wa kuume haraka, nikainamisha kichwa kama inavyotakiwa. Akaupita. Akainama, mbele ya watu wote, akachukua mkono wangu wa kushoto kutoka juu ya ile shaba, akaushika kwa mikono yake yote miwili.